Nadzua Atoka Getini

Kwa miaka kumi na tisa Chengo alikuwa karani wa hati katika kampuni moja ya malori huko Shimanzi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchelewa, kubishana na mkubwa, wala kupoteza karatasi hata moja. Siri yake ilikuwa kwamba alikuwa akiandika vitabu. Viwili vilikuwa tayari, cha tatu kilikuwa mbioni, na msomaji wake duniani kote alikuwa mmoja: binti yake Mercy.

Mercy ndiye aliyevitaka, alipolalamika kwamba hadithi zote za shuleni zina sungura. Basi babake akamtungia mji wa miaka mia ijayo, usio na mti hata mmoja, ambako mtu hakai kivulini bila kibali cha Idara ya Vivuli. Kibali chataka sahihi nne, na ofisa wa nne hukaa juani, kwa hiyo huzimia kabla ya saa tatu. Katika kitabu cha kwanza msichana Nadzua anakamatwa chini ya mwavuli wa marehemu nyanyake. Katika cha pili anaiba muhuri mkuu na kuwagongea watu vibali bure, mpaka mageti ya mji yanafungwa na yeye anasakwa nyumba kwa nyumba. Mercy alipofika hapo alinuna siku tatu, na jirani zao wote wa Tudor wakajua kuna msiba wa namna fulani.

Sasa ilikuwa Ijumaa, mwanzoni mwa mwaka 1996. Kesho yake saa nne Mercy angepanda basi kwenda shule ya bweni Taita, na sura ya mwisho ya kitabu cha mwisho ilikuwa haijaandikwa. Masharti aliyatoa mapema: "Usimuue, baba, na usimwoze. Na ukinidanganya nitajua."

Saa saba wenzake walipokwenda kula, Chengo alivuta hati za kutolea mizigo, zile za karatasi tatu zenye kaboni katikati, maana vitabu vyote aliviandika juu ya hizo, akaandika mbio. Nadzua anafika getini. Anachungulia nje, anaona jua tupu. Anageuka, anaomba radhi, na Idara inampa kazi ya ukarani yenye meza, feni na pensheni. Chengo akafuta machozi. Hakujua jambo jema kuliko hilo la kumtakia mtoto.

Kisha akaenda kunawa mikono.

Tatizo la ofisi ile ni kwamba hakuna aliyesoma kitu. Odera, mkuu wa mihuri, aliziona hati kwenye meza ya Chengo, na hati ya Chengo haijawahi kuwa na kasoro, akazigonga muhuri wa KUTOKA. Nakala nyeupe ikapelekwa getini, ya waridi ikapanda lori la Malaba, ya manjano ikafungiwa kabatini. Chengo aliporudi, mikono ingali ikichuruzika maji, akakuta meza tupu.

Akamwambia Odera kwamba pametokea kosa. Odera alishtuka kana kwamba ameambiwa godauni linaungua. Hati iliyogongwa muhuri, akaeleza, haifutwi ila kwa fomu ya kufutia, na fomu hizo ziliisha miaka mitano nyuma, na aliyekuwa na ruhusa ya kuagiza nyingine alishastaafu. Akafungua kabati, akasoma kwa kidole.

"Mzigo ni msichana," akasema. "Mmoja. Uzito hukuandika."

Chengo akasema ni hadithi tu. Odera akajibu kwamba iwe hadithi iwe saruji, ina nambari. Saa kumi faili lafungwa, na kama mzigo haumo ndani wala haukutoka, mwenye hati ataandika barua ya upotevu, na barua ya upotevu maana yake ni kazi kuota mbawa. Wapakiaji wawili wakatumwa kumtafuta Nadzua kati ya magunia ya kahawa. Walitafuta kwa bidii. Mmoja alirudi kuuliza amevaa nini.

Chengo akakimbilia getini kuiokoa nakala nyeupe. Soja wa pale, Kazungu, ndiye mtu pekee katika kampuni nzima aliyekuwa na nafasi ya kusoma.

"Nimeisoma mara mbili," Kazungu akamwambia. "Pale anapogeuka, mwenzangu, umekosea. Muhuri unasema kutoka. Wa kurudi ndani ana hati yake ya kijani, nami sikuletewa."

Akamfunulia daftari la geti. Iliandikwa: Saa nane na dakika kumi. Msichana mmoja, Nadzua. Kwa miguu. Ametoka. Chini yake sahihi. Kazungu akaongeza kwamba geti alilifungua lote, kama la lori, kwa sababu hakuandikiwa uzito.

Hasira zilimpanda Chengo, kisha zikamshuka, na kilichobaki kilikuwa wivu mtupu. Miaka kumi na tisa alipita geti lile, na kila jioni alipita akijua kesho atarudi.

Odera alifika, akaliona daftari, akaridhika, akafunga faili. Wapakiaji waliambiwa waache. Kazungu akampa Chengo nakala nyeupe, naye hakuipokea. Aliomba kalamu, akanakili ule mstari wa daftari juu ya hati mpya.

Kesho yake kituoni Mercy aliusoma amesimama.

"Ulitaka arudi, sivyo?" akauliza.

"Nilitaka," Chengo akasema.

Mercy akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sare, akamshika babake mkono kwa nguvu, akapanda. Chengo alilia mbele za watu bila kujificha. Basi lilipopinda kona alitazama saa, akatoa hati mfukoni na kuandika: Saa nne na dakika kumi. Msichana mmoja. Ametoka.

Akatia sahihi.