Bunduki ya Mbweha Juu ya Marungu

Siku ya kwanza ya kazi niliulizwa swali moja tu, nami nilikosea jibu lake. Direkta wa ranchi alifungua kabati la chuma ofisini kwake, akasogea pembeni na kusema, "Chagua. Kazi yako ni mbweha. Unachukua gani?"

Ndani mlikuwa na bunduki nne zimesimama wima, kila moja na kibali chake kimefungwa kwa uzi kwenye kitako. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza sekondari Kalemie, nikakaa bandarini miezi kadhaa bila kazi, kisha nikapanda milima ya Marungu kwa sababu mtu mmoja aliniambia kwamba huko Pepa ng'ombe walikuwa wameanza kurudi baada ya vita na ranchi ilitafuta walinzi wanaojua kusoma. Kuhusu bunduki sikujua kitu. Nikanyooshea kidole ile iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Mlangoni alisimama Brigadia wa walinzi, mzee mwembamba aliyevaa koti la mvua hata siku za jua. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ile njo ya nyati, mutoto wa Kalemie! Ukimupiga nayo mbweha, utaokota mukia. Na ng'ombe mwenye kusimama nyuma yake utamuokota pia."

"Basi Brigadia atakufundisha," Direkta akasema, akafunga kabati. Wiki tatu za kwanza nililinda kwa fimbo.

Leo vijana wa mtaani kwangu Kalemie huniuliza bunduki gani ni nzuri kwa mbweha, kana kwamba kuna mbweha katikati ya mji. Wanataka jibu la neno moja. Mimi hupenda kuwaeleza kama Brigadia alivyonieleza, kwa kuanza na tundu.

Kalibri ni upana wa tundu la mtutu. Ila hesabu yake ina vituko. Bunduki ya kalibri 12 ina tundu pana kuliko ya kalibri 16, kwa sababu zamani walihesabu ni risasi ngapi za duara zenye ukubwa wa tundu hilo zinazotimiza ratili moja. Namba ikipanda, tundu linapungua. Lakini ukifika kwenye kalibri 22, hesabu inageuka: hiyo ni sehemu ishirini na mbili za mia za inchi, na namba ikipanda, tundu nalo linapanuka. Nilimwuliza Brigadia kwa nini wasitumie hesabu moja. Akajibu, "Waliotengeneza hawakutuuliza."

Kabati letu lilikuwa hivi. Ile ndefu ilikuwa 375, ya nyati, na miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuiona ikipigwa. Ya pili ilikuwa kalibri 12 yenye mitutu miwili. Inarusha marisau, yaani chembe ndogo nyingi za risasi zinazotawanyika, na ni nzuri kwa mnyama aliye karibu, hatua thelathini au arobaini. Lakini Marungu ni nyasi tupu na upepo. Mbweha hakuruhusu hatua arobaini. Ya tatu ilikuwa 22 ya kawaida, nyepesi, yenye mlio mdogo usioshtua ng'ombe. Ila zaidi ya mita sabini inajeruhi tu, na mnyama anakwenda kufa porini kwa siku tatu. Brigadia alichukia jambo hilo kuliko kukosa shabaha.

Ya nne tuliiita Nyigu. Tundu lake ni lile lile la 22, lakini ganda la risasi yake ni refu na limebeba baruti nyingi, kwa hiyo risasi inakwenda mbio sana. Ikimpata mnyama mdogo inavunjika humo humo ndani, haitokei upande wa pili. Juu ya mtutu ilifungwa lineti, darubini ndogo ya kulengea. Sasa mtu angejiuliza kwa nini hatukuitumia Nyigu kila siku. Risasi zake zilipatikana kwa shida, na Direkta aliitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi. Walinzi tulipewa kalibri 12.

Brigadia alinifundisha kanuni moja ambayo sikuisoma popote. "Mbweha ni mudogo," alisema. "Usimwangalie yeye. Angalia chenye kuwa nyuma yake. Bunduki inachaguliwa kwa kile cha nyuma." Nyuma ya mbweha wetu kulikuwa na ng'ombe daima.

Mwaka wangu wa pili, wakati wa kiangazi, ndama walianza kupotea katika kundi la Papa Kasiano. Alikuwa mchungaji wa kabila la Watabwa, mwenye umri wa baba yangu, na nyumba yake ya matofali ndani ya ranchi ilikuwa na mke na watoto sita. Ndama wa kwanza alipotea, kisha wa pili, kisha wa tatu, wote wachanga wa siku moja au mbili. Direkta alimwita mbele yetu.

"Papa Kasiano, ndama zangu ziko wapi?"

"Mbweha, Direkta."

"Makundi mengine hayana mbweha?"

Papa Kasiano alitazama viatu vyake. Kapita, msimamizi wa wachungaji wote, ndiye aliyejibu kwa niaba yake: "Mbweha wa miguu miwili, labda." Watu wakacheka. Direkta hakucheka. Alisema ndama wa nne akipotea, Papa Kasiano atatoka katika ile nyumba na jamaa yake yote.

Mimi nikapewa agizo la kuua mbweha. Niliwapata wawili kwa kalibri 12, wote kwa kuvizia karibu na kichuguu kimoja ambako walipenda kupita. Nilipowaleta, Brigadia alipiga magoti na kutazama matumbo, kisha akasimama na kutikisa kichwa. Marisau yalikuwa yamechanganya kila kitu.

"Umeniletea supu," akasema. "Nataka barua. Tumbo la munyama ni barua, na wewe unaichana mbele sijasoma."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuchagua bunduki ni pia kuchagua utakachoweza kujua baadaye. Nilikwenda kwa Direkta kuomba Nyigu. Akanipa pamoja na risasi tano. "Lete jibu," akasema, "si maganda."

Alfajiri ya siku ya tatu nilimpata mbweha jike kwenye kichuguu kile kile. Alikuwa kama mita mia moja na ishirini, nyuma yake kuna mteremko wa udongo. Katika lineti nilimwona vizuri: mstari wa ubavuni, ncha nyeupe ya mkia. Alikuwa anakula kitu bila haraka. Nikapiga. Alilala pale pale, na tundu la kuingilia lilikuwa dogo kama kifungo cha shati, begani, mbali na tumbo.

Tulimpasua mbele ya Direkta, Kapita na Papa Kasiano. Ndani mlikuwa na panya, maganda ya panzi, mbegu za matunda ya porini, na kipande kikubwa cha kitu laini chenye damu.

"Nyama ya ndama," akasema Kapita.

Brigadia alikichukua, akakisugua katikati ya vidole, akakinusa. "Hakuna nywele. Munyama hawezi kula ndama asimeze nywele. Hii njo kondo la nyuma."

Kila mtu akamgeukia Papa Kasiano. Amri ya ranchi ilisema kondo la nyuma lizikwe mara ng'ombe anapozaa. Papa Kasiano akakiri polepole. Kwa baba yake na babu yake, alisema, kondo lilipelekwa mbali na kuwekwa juu ya kichuguu. Mbweha akishiba huko, haji kwa ndama. Amefanya hivyo maisha yake yote.

"Kwa hiyo mbweha hakula ndama zangu," akasema Direkta.

"Sijui, Direkta."

"Na umevunja amri yangu. Na ndama haziko." Akafuta mikono kwa leso. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi uhame."

Niliirudisha Nyigu kwenye kabati nikiwa nimejichukia. Nilichagua bunduki safi, nikapata jibu safi, na jibu lenyewe lilikuwa linamtoa mzee katika nyumba yake. Jioni nilimkuta anatengeneza mlango wa zizi kana kwamba hakuna lililotokea.

"Unisamehe, Papa."

"Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi shika huu ubao nipige musumari."

Nilishika ubao. Nikamwuliza siku gani hasa ndama walipotea, maana mimi ni mtu wa kuuliza, ni ugonjwa wangu. Akafikiri. Wa kwanza, Jumapili. Wa pili, Jumapili. Anakumbuka kwa sababu alichelewa misa. Wa tatu pia.

Usiku ule nilirudia jambo hilo kichwani. Mbweha hajui Jumapili. Direkta angesema mwizi anaijua, kwa kuwa ranchi inabaki tupu. Lakini nani mwingine anaijua? Asubuhi nilimweleza Brigadia. Alifunga vifungo vya koti lake, akaenda mwenyewe kuomba Nyigu.

Jumapili iliyofuata hatukwenda misa. Tulilala kifudifudi katika nyasi, mimi na Brigadia, tukitazama kundi la Papa Kasiano. Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa amezaa usiku, na ndama alikuwa amejilaza kando yake. Tuliwaona watu wakishuka kwenda Pepa kwa mguu, kina mama na vitambaa vyao vyeupe, Kapita mbele kwa baiskeli. Nyasi zikatulia.

Kisha wakatokea wawili. Katika lineti nilitafuta ncha nyeupe ya mkia. Haikuwepo. Shingoni mwa yule wa mbele kulikuwa na ukanda mweusi uliokatwa kwenye mpira wa gari.

"Mbwa wa Kapita," nikanong'ona. Siku za kazi walifungwa kwenye nguzo ya nyumba yake. Jumapili aliwafungua walinde wakati yeye yuko kanisani.

"Kapita njo mukubwa wako," Brigadia akasema. "Fikiri mbele ya kupiga."

Lakini muda wa kufikiri haukuwepo. Mbwa mmoja alimchokoza ng'ombe mwekundu kwa mbele, naye akamfukuza na pembe zake. Yule wa ukanda akazunguka nyuma, akamshika ndama mguu wa nyuma, akaanza kumburuta kuelekea kichakani. Nilimwona ndama akifungua mdomo. Mbwa alikuwa upande wangu, na nyuma ya mbwa kulikuwa na ndama. Kwa kalibri 12 ningewamiminia wote marisau. Kwa ile 375 ningemwua mbwa na ndama kwa risasi moja.

"Itabaki ndani?" nikauliza.

"Ya begani inabaki. Nyama ni nyingi pale. Ngoja akaze miguu."

Mbwa akakaza miguu ili avute. Nikapiga. Aliangukia juu ya ndama, na kwa muda nilidhani nimewaua wote. Kisha ndama akajitoa chini yake, akasimama kwa miguu mitatu, akalia. Mbwa wa pili alikimbia moja kwa moja mpaka nyumbani kwa bwana wake, jambo ambalo lilitusaidia sana kama ushahidi.

Watu waliporudi kutoka misani walimkuta mbwa amelazwa mbele ya ofisi na ukanda wake shingoni. Kapita aliegemeza baiskeli ukutani. Aliugusa ukanda, akagusa fundo alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni wangu," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Na miye njo nilimuita Papa Kasiano mwizi."

Direkta aliamuru mbwa wafungwe siku zote saba, na Papa Kasiano abaki nyumbani kwake. Alimwamuru pia azike makondo, kwa sababu Brigadia alisema mbwa wale huenda walijifunza ladha ya ndama pale pale kichuguuni. Papa Kasiano aliitika. Tulipotoka nje nilitegemea atanishukuru. Alinishika bega na kusema:

"Mutoto, yule mbweha wangu mwanamuke ulimupiga bure. Nilimupa chakula miaka mine. Hakuniharibia hata mara moja."

Kisha akaenda kumtazama ndama mguu.

Baada ya Pepa nilizunguka. Sikuweza kukaa mahali. Nililinda ghala upande wa Kabimba na kalibri 12, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa vumbi jeupe la chokaa ndani ya mtutu kila jioni. Nikaenda kituo cha umeme cha Piana-Mwanga, kwenye kelele za maji ya mto Luvua, ambako mkuu wa zamu alinikabidhi bunduki na kuniambia nisiipige kamwe, nami nikatii. Nilirudi ranchini mara mbili, nikaondoka mara mbili. Kisha jicho langu la kulia, lile la kulengea, lilianza kuingia ukungu. Mlinzi asiyeona kilicho nyuma ya mnyama hana haki ya kushika bunduki. Nikaacha kazi kabla sijafika hamsini.

Siku ya kuaga ranchi, Direkta mpya alinipa lineti ya Nyigu. Risasi za bunduki ile zilikuwa hazipatikani tena popote, akaifungua lineti kwa bisibisi, akaniwekea mfukoni.

Kiangazi kilichopita nilipanda tena Pepa. Papa Kasiano hachungi tena, amekuwa mzee, lakini mwanawe ndiye mwenye kundi na nyumba ni ile ile. Alfajiri mzee alinipeleka nyuma ya zizi. Juu ya kichuguu kulikuwa na kitu chekundu, na sikumwuliza kama amri ya kuzika bado ipo. Tulikaa chini. Mbweha alikuja, akasimama, akatutazama, akaanza kula. Nilimpa Papa Kasiano lineti, akaishika kinyume, mpaka nikamgeuzia.

"Ah! Kumbe iko na masharubu!" Alicheka kimya kimya. Kisha akauliza, bila kuiondoa jichoni, "Leo wakikufungulia ile kabati tena, utachukua gani?"

"Nyigu."

"Lakini haina tena masasi, we!"

"Najua, Papa," nikasema. "Sasa lete hiyo lineti. Ni zamu yangu." Nikaiweka kwenye jicho la kushoto.