Dawa Isiyosalimia Njiani

Mama alificha kidonda chake ndani ya soksi, na sisi watoto wake tukadhani ni baridi ya Butembo tu. Ana ugonjwa wa sukari. Mwenye sukari anatakiwa kutazama miguu yake kila siku, lakini mama hutazama miguu ya wengine, nani ana viatu vichafu na nani anaburuza ndala. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mama alifichuliwa na harufu, na ilikuwa kanisani.

Waliishi wawili katika nyumba ya mtaa wa Mususa, mama na mdogo wake. Mama mdogo alitukimbilia kutoka upande wa pili wa Beni baada ya watu kuanza kuuawa mashambani, akaja na godoro, sufuria na dawa. Dawa ile ilikuwa ya bibi yao. Katika ukoo wetu dawa hupewa binti mmoja tu, na jina la mti halitajwi mbele ya mtu asiyekwenda kuuchuma mwenyewe. Mchumaji naye hasalimii mtu njiani wakati wa kurudi, mpaka jani lifike nyumbani. Akisalimia, nguvu yote inabaki kwa aliyesalimiwa. Mimi niliyajua haya tangu utotoni kama ninavyojua kwamba mvua hulowesha.

Kazi yangu ni kuua vijidudu, au tuseme kutazama nani anaviua. Nafanya kazi katika maabara ya chuo hapa mjini. Tunapika jeli katika sufuria ya presha juu ya makaa, tunaimimina katika visahani vya kioo, tunapaka kijidudu juu yake kwa pamba, kisha tunaweka vikaratasi vya duara vilivyochovywa katika dawa tunayoipima. Visahani vinalala katika kabati la joto. Kesho yake, kama dawa inafanya kazi, unaona duara tupu kuzunguka kikaratasi, mahali ambapo kijidudu kilishindwa kuota. Kama haifanyi kazi, kijidudu kinafika mpaka ukingoni mwa karatasi na kukaa hapo bila adabu. Ni kazi ya kungoja na kuosha vyombo. Nyumbani hawakuamini kwamba nilisomea hilo miaka yote ile.

Wakati huo nilikuwa napima unga wa mwalimu wetu wa kemia, mtu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, ambaye hutengeneza madawa mwenyewe katika chupa ndogo na kuyapenda kama kuku wa mayai. Unga wake uliua vizuri ukungu wa mapunye, ule unaotafuna vichwa vya watoto wa shule. Kwa kijidudu cha majipu, kile tunachokifuga maabara, ulitoa duara jembamba la kutia huruma. Nikaona visahani vingine vimebaki na jeli imeshapikwa. Nikamwomba mama mdogo dawa yake.

Alinipa katika kopo la majarini, imeshasagwa na kuchanganywa na mafuta ya mawese. Jani lenyewe sikuonyeshwa, na sikuuliza. Mimi si mchumaji.

Kesho yake nilifungua kabati la joto nikakuta duara pana kuliko nililowahi kuona kwa dawa yoyote ya majani. Karatasi iliyochovywa mafuta matupu haikuwa na kitu. Mwalimu wa kemia alikiinua kisahani kuelekea dirishani, akasema, “Mama mudogo yako ananishinda. Mimi nilisoma bure.” Nilifurahi sana, nakiri, na nilifurahi kwa kiburi. Jambo moja tu lilinisumbua. Kwenye ukungu wa mapunye dawa ile haikufanya lolote, na bibi yao alijulikana kwa vichwa vya watoto kuliko kwa kitu kingine chochote. Nililiweka swali hilo kando kwa sababu duara lilikuwa zuri.

Mguu wa mama haukusoma majibu yangu. Alipakwa dawa ya kopo kila asubuhi, na kidonda kikapanda kutoka kisigino kwenda juu ya kifundo, rangi ikawa ya kijivu. Tulimpeleka hospitali kwa kiti cha plastiki kilichofungwa juu ya kirikuu, kile kigari cha mizigo. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alisema atasafisha, atangoja kidogo, na kisipogeuka atakata chini ya goti.

“Bakikata muguu yangu, nitaenda ku shamba na nini?” mama akauliza.

Hana shamba tena. Aliuza kipande chake cha Kayna zamani. Lakini hakuna aliyemkumbusha.

Nilichukua usaha wa kidonda kwa pamba, nikaenda nao maabara. Nilikiotesha kijidudu cha mama. Nilikipaka katika visahani, nikaweka karatasi za dawa zote za hospitali tulizokuwa nazo, na pembeni dawa ya kopo. Kijidudu cha mama kilikuja mpaka kwenye ukingo wa dawa ya kopo. Kilikuja pia mpaka kwenye ukingo wa tetra, ile dawa ya vidonge vya rangi mbili inayouzwa hapa hata kwenye meza ya karanga. Karatasi hizo mbili zilikuwa jirani, zimezingirwa sawasawa. Nikarudi kwenye kijidudu chetu cha kufuga, nikaziweka hizo hizo mbili: maduara mawili mapana, ndugu wa baba mmoja. Na tetra haiui ukungu.

Nilimkuta mama mdogo akichambua maharage mlangoni.

“Mama mudogo, mu ile dawa ulitia nini?”

“Majani. Mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Na tetra.”

“Tetra?”

“Ile rouge na jaune. Ninafungula, ninamwanga unga mule ndani. Batu yote banafanyaka vile.”

“Juu ya nini haukuniambia?”

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini alitia chumvi kwenye mboga ya sombe. “Uliniomba dawa, nikakupatia dawa. Haukuuliza.”

Ilikuwa kweli, na ilinikasirisha zaidi kwa kuwa kweli. Nilimweleza kwamba kijidudu cha mama kimeizoea tetra, kinaila kama uji, na kwamba kumpaka kila siku ni kukifundisha tu. Akaacha maharage. Akasema, bila kuinua macho, kwamba hata jani si lenyewe, lile la bibi yao, koko kama wanavyomwita.

“Ya koko iko kule kwetu, nyuma ya nyumba. Hii ya hapa inafanana naye tu. Ilikuwa zaifu, donc niliongeza tetra. Ningefanya nini? Kule batu hapana kuenda.”

Kati ya dawa zote za hospitali, mbili tu zilikuwa zimetoa duara kwa kijidudu cha mama. Moja haikupatikana mjini. Ya pili ilikuwa sindano, na daktari akaianza siku hiyohiyo. Nilimwambia mama mdogo tungoje. Akaitikia “ndiyo” kwa wepesi uliopaswa kunitia wasiwasi.

Asubuhi iliyofuata hakuwepo. Mama, kitandani, alijifanya hajui, na hajui kujifanya. Mdogo wake alikuwa amechukua pikipiki kwenda Beni, na kutoka hapo angeungana na wanawake wanaothubutu kwenda kuvuna kakao yao, wakiingia pamoja na kutoka pamoja. Niliogopa. Nilikaa maabara nikiosha visahani vilivyokwisha kuoshwa, na mwalimu wa kemia akaja kuosha pamoja nami.

Alipaswa kurudi kabla ya jua kuzama na hakurudi. Alikuja siku ya pili mchana, matope mpaka magotini, akapita katikati ya uwanja akinipita mimi niliyemkimbilia, akaingia ndani, akaweka tawi lililofungwa katika kitenge juu ya meza. Ndipo akafungua mdomo.

“Wabukire,” akanisalimia, na akaomba maji.

Habari nzima tuliipata kwa dereva wa pikipiki, ambaye alikuwa na hasira nyingi. Mama mdogo alimwambia mapema kwamba wakati wa kurudi asimsemeshe. Hilo alilikubali. Lakini kwenye kizuizi, askari alimwuliza mama mdogo anatoka wapi, naye akakaza midomo. Askari akauliza kwa Lingala, akauliza kwa Kifaransa. Dereva akaeleza kwamba mama huyu hapana kusema kwa sababu ya dawa, na maelezo hayo yakawafanya askari walitazame lile tawi kwa macho mapya. Waliwaweka mpaka asubuhi, chini ya turubai, mama mdogo amelikumbatia tawi lake na hasemi hata na mbu.

“Sasa pima,” akaniambia. “Sahani ikikubali, tunaweka ku muguu. Ikikataa, nitakusikia.”

Nilipima. Nilisaga jani peke yake, nikachuja, nikaweka karatasi mpya kwenye kijidudu cha mama na kwenye ukungu wa mapunye. Sikuwahi kutaka duara kama nilivyolitaka lile, na najua vizuri kwamba kutaka hakumo miongoni mwa vitu vinavyoua vijidudu. Kesho yake, kwenye ukungu kulikuwa na duara safi, la haki kabisa. Bibi alikuwa anajua vichwa vya watoto. Kwenye kijidudu cha mama hapakuwa na kitu.

Nilikwenda hospitali na majibu kichwani. Daktari alikuwa ametoka kubadilisha bandeji. Nyama ya kidonda ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, na pale kitandani hakuna rangi nzuri kuliko hiyo. Alisema hatakata. Alisema hivyo kwa ile sauti yake ya chini, akaenda kwa mgonjwa mwingine, na mama akajifunika uso kwa kitenge akalia.

Mama mdogo alikuwa amekaa miguuni pake, tawi limeanza kunyauka mapajani. Hakumuuliza daktari lolote. Aliniuliza mimi.

“Sahani ilisema nini?”

Ningeweza kusema uongo. Mguu ulikuwa umeshashika njia ya kupona, na uongo usingemdhuru mtu. Lakini aliniambia atanisikia.

“Ukungu inaua, mama mudogo. Ile ya muguu hapana.”

Alilikunja jani moja la tawi kwa kidole gumba, akalikunjua. Nilifikiri atasema visahani vyangu havijui kitu. Ningependelea aseme hivyo.

“Ni mimi,” akasema. “Nilimutikisia kichwa.”

“Nani?”

“Ule soda, askari ya ku kizuizi. Sikusema, hapana. Lakini asubuia wakati walituachilia, mvua ilikuwa inamupiga, hana hata sasheti ya plastiki ku kichwa. Nilimutikisia kichwa. Kidogo tu, lakini ni salamu.”

Nilianza kumweleza habari ya vijidudu na nikaacha katikati. Mama alikuwa ameshusha kitenge usoni. Alinyoosha mkono, akachukua lile jani, akalinusa kwa macho yaliyofungwa.

“Njo yenyewe,” akasema. “Nyumba yetu ingali?”

“Ingali. Mabati banaiba. Lakini ukuta ingali, na ule muti umekuwa mukubwa.”

“Nifunge nayo.”

Wote wawili walinigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mwenye visahani. Nikawaambia isiguse kidonda, wafunge juu ya goti, kwenye ngozi nzima. Mama mdogo alifunga kwa uangalifu, fundo la ndani, akinong'ona maneno ambayo sikupaswa kuyasikia. Nilisimama mlangoni ili muuguzi asiingie.