Mwanvita na Jina la Shefu

Mwanvita binti Feruzi alijifunza kazi ya kompyuta kwa hasira. Wengine wanajifunza wapate mshahara, yeye, hapana. Mwaka juzi alipanda na kushuka vilima vya Kasha miezi saba akipima chemchemi. Anaweka bidoni, dumu la lita ishirini, chini ya maji, anahesabu sekunde mpaka ijae, anaandika. Chemchemi mia moja na nane, na viatu jozi tatu. Ripoti ilipotoka, juu yake palikuwa na jina moja tu, la Constantin, shefu wa biro, yaani mkuu wa ofisi yao. Mwanvita alipouliza, shefu alicheka.

"Maman, kazi ni ya biro. Na biro, njo mimi."

Hakulia. Alinunua mega za intaneti kwenye simu, akajifunza peke yake kitu kinachoitwa Git. Ni kama daftari ndani ya kompyuta: watu wengi wanaandika humo utafiti mmoja, na kila badiliko linabaki na jina la mwenye kulifanya, siku na saa. Ukiharibu leo, ya jana ipo, unairudisha. Kila jioni alisoma, na kila jioni alimwona Constantin akicheka.

Basi dunia ikazunguka. Ukaja utafiti mpya, wa chemchemi za Mumosho, na washirika wake wakasema wamechoka na faili za kutumiana zinazoitwa "ya mwisho", halafu "ya mwisho kabisa", halafu "ya mwisho ya kweli". Wanataka Git. Constantin hakumjua mwalimu mwingine Bukavu nzima. Akampigia Mwanvita simu bila haya. Mwanvita akamjibu kwa sauti tamu hata yeye mwenyewe akaiogopa: "Ninakuja, shefu."

Wanafunzi walikuwa wawili, Virginie na Anaclet, na shefu amekaa nyuma na simu yake. Somo la kwanza lilikuwa dogo: kila mtu aiambie kompyuta jina lake. Mwanvita akapita nyuma ya viti. Kwa Virginie akasoma: Constantin. Kwa Anaclet: Constantin.

"Anaclet, papa, weye njo Constantin tangu lini?"

"Maman, hapa hatuandikake jina yetu. Barua yote inatokaka na jina ya shefu. Njo heshima."

Mwalimu mwema angesahihisha palepale. Mwanvita aliyaacha majina yalivyo. Akageuka nyuma.

"Shefu, uko hakika? Jina likiingia humu, kizuri ni chako, na kibaya ni chako."

"Njo vile inafaa," alisema Constantin, macho kwenye simu. "Endelea na somo."

"Virginie, umesikia?"

"Nimesikia, maman."

Akaendelea na somo.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Anaclet alinakili sekunde za Kasha juu ya jedwali la Mumosho, akahifadhi, akaenda kula. Mwanvita aliliona kosa siku ileile. Kulirudisha jedwali ni kazi ya dakika mbili. Alifunga kompyuta yake, akaenda nyumbani, na fufu ya chakula cha jioni hiyo ilimshuka kooni vizuri kuliko zote.

Jumatatu akafika maman Eulalie, mkubwa wa washirika. Historia yote ya kazi ikaonyeshwa ukutani.

"Papa Constantin, maji ya Mumosho yanatoka sawasawa na ya Kasha, sekunde kwa sekunde? Umebadilisha Alhamisi, saa nne na dakika kumi."

"Si mimi, maman! Alhamisi nilikuwa Minova, ku ndoa."

"Najua. Ulinipigia toka huko, muziki ikanitoboa masikio. Sasa nani aliandika na jina yako?"

Anaclet alitota jasho mpaka kola. Mwanvita alimwonea huruma, lakini hakumwokoa. Hakungoja miaka miwili ili aachie windo kwa ajili ya kola ya mtu.

Constantin akatazama ukuta. Akisema ni yeye, ameharibu utafiti. Akisema si yeye, jina lake lote pale ni uongo.

"Ni Anaclet," akasema mwishowe. "Lakini mimi njo nilikubali batumie jina yangu."

"Ku kazi yote?"

"Yote."

"Na ile ya Kasha?" Eulalie akauliza.

Virginie akakohoa. Constantin akamgeukia Mwanvita.

"Maman Mwanvita, saidia basi. Rudisha jedwali, ile ingine tutaongea."

"Jedwali linarudi sasa hivi, shefu. Lakini mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Jibu kwanza."

"Kasha... ilikuwa Mwanvita."

"Sisikii," Mwanvita akasema. "Jenereta inapiga kelele."

"Mwanvita njo alipima! Yote!"

Mwanvita akarudisha jedwali mbele ya watu, hata dakika mbili hazikuisha. Eulalie akaagiza ripoti ya Kasha isahihishwe kabla mtu hajatoka. Ikafunguliwa. Virginie akanyoosha mkono aandike.

"Hapana, mama," Mwanvita akasema. "Yeye."

Akamvutia Constantin kiti. Shefu akaandika kwa vidole viwili, herufi kwa herufi, Mwanvita akisimama begani kwake.

"Feruzi pia, shefu. Nina baba."

Akaandika Feruzi.

"Na jina yangu," aliuliza taratibu, "ibaki hapa chini?"

"Ulipima chemchemi gani, shefu? Nitajie moja tu, nikuachie."

Constantin alifikiri. Akafikiri tena. Kisha kidole chake kikaanza kufuta, kutoka nyuma, na Mwanvita hakuondoka begani mpaka herufi ya kwanza nayo ilipokwisha.