Enzi ya Waandishi wa Kwanza

Kila Jumamosi tunagombana pale saluni, na mwenye makosa huwa si mimi. Saluni yenyewe iko nyuma ya soko la Voi. Ina viti vinne, draya mbili na televisheni moja iliyofungwa juu ukutani, na kinachotugombanisha ni tamthilia iliyoanza nikiwa msichana mdogo na mpaka leo haijaisha. Ni habari za tajiri mmoja wa magodoro jijini Nairobi, wake zake wawili, na watoto ambao siku hizi wameanza kuoana na kuachana wenyewe.

Sisi tunaoifuata tangu mwanzo hatusemi zamani na siku hizi. Tunahesabu kwa waandishi. Mwenye saluni ndiye aliyetufundisha hilo, kwa sababu yeye husoma majina yanayopanda mwishoni wakati sisi wengine tumeshainuka kutafuta mikoba yetu. Kuna enzi ya waandishi wa kwanza, wakati mambo yalikwenda polepole na mtu akilia unajua analilia nini. Kuna ya waandishi wa pili, ambao kila walipokwama walimgongesha mtu gari akapoteza kumbukumbu. Na kuna hawa wa sasa, waliomletea kila mtu pacha. Wasichana wanaosuka wanawapenda wa sasa. Mama mmoja muuza ndizi huwatetea wa pili kwa sababu ya harusi. Mimi nilikuwa wakili wa waandishi wa kwanza, na nilikuwa na tukio moja la kuwanyamazisha wote.

Mke mkubwa anafukuzwa. Mume anamwambia achukue kilicho chake aende. Mama yule anapita sebuleni hagusi kitu, si vyombo vya udongo, si picha ya harusi. Anaingia jikoni, anachukua mwiko, anaufuta kwa leso, anaubana kwapani na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nyumba nzima ya ghorofa inakaa wiki bila ugali, kwa kuwa mke mdogo hajui kuusonga na hakuna cha kusongea.

"Mwandishi wa siku hizi angempa sanduku na machozi," nilikuwa nawaambia. Walinyamaza. Hawakulikumbuka tukio hilo, lakini nililieleza kwa uhakika ambao mtu hawezi kubishana nao.

Kweli yenyewe ni kwamba sikuliona. Nilisimuliwa na dada yangu.

Tulikulia Kishushe, ambako stima haikuwa imefika na gari likipita watoto walitoka nje kuliangalia. Dada amenizidi miaka sita. Alipomaliza darasa la nane alipata kazi ya nyumbani Voi, kwa watu waliokuwa na televisheni. Mara moja kwa mwezi alirudi kwetu juu ya lori la mawe ya madini, ananukia sabuni ya mjini, na Jumapili baada ya kanisa alikaa uani na mama wakaanza kupukuchua mbaazi. Ndipo alipoisimulia tamthilia ile, mwezi mzima kwa alasiri moja.

Nilimwonea wivu sana, na sioni sababu ya kuuficha sasa. Nilimwonea wivu kwa sabuni, kwa viatu, na zaidi kwa kuwa yeye aliona na mimi nilisikia. Lakini kilichoniuma hasa ni mama. Mama yetu si mtu wa maneno. Siku za kawaida ungeweza kumweleza jambo kutoka kisimani mpaka nyumbani akakuitikia kwa mguno. Dada alipofika, alimsogezea kiti chenye mgongo na kumwekea firigisi, ambayo kwetu ni ya baba. Naye dada, mjanja, hakuanza kusimulia hivi hivi. Alimuuliza mama kwanza, "Tuliwaacha wapi?" Na mama akamjibu, anakumbuka kila kitu, utadhani yeye ndiye aliyewaacha huko.

Siku ya mwiko naikumbuka vizuri. Nilikuwa na miaka kama kumi. Dada alisimama kuonyesha jinsi mke yule alivyoubana kwapani, na mimi nikacheka kwa ile wiki ya bila ugali. Mama hakucheka. Mikono yake ilisimama juu ya ungo, ikakaa hapo mpaka dada alipomaliza. Nikajiambia kwamba mwandishi anayeweza kumsimamishia mama kazi ni mwandishi kweli. Siku hiyo niliapa kwamba nitapata kazi mjini, nitanunua televisheni yangu, na nitakuwa mimi ninayekalia kiti chenye mgongo.

Nilipata. Leo ni karani wa shule hapa Voi, na televisheni nilinunua kabla ya kitanda. Nikaketi mbele yake na kuona mambo matupu. Watu wanapigana makofi, wanapakia masanduku, wanaegemea ukuta kulia. Nilipomuuliza mwenye saluni, aliniambia majina ya mwishoni yalibadilika kitambo kidogo kabla sijaanza kuitazama. Nikaridhika. Kumbe ni waandishi. Dada alikula nyama, mimi nikafikia mifupa, na hata hilo niliongeza kwenye orodha ya mambo niliyomdai.

Niliposhuka Kishushe nilimsimulia mama vilevile, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Aliitikia kwa mguno. Nilipofika kati aliniuliza kama dada atakuja mwezi huo. Nikanunua umeme wa jua na televisheni, nikamfungia mwenyewe ili asimngoje mtu tena. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuiwekea saa juu yake. Dada alikuwa ameshaolewa Marungu, ana mbuzi na shamba, na bado akifika nyumbani anaulizwa habari za tajiri wa magodoro. Nilikuwa nikikaa hapo nikisikiliza, televisheni mpya imefunikwa nyuma yetu, na dada anaulizwa waliwaacha wapi.

Kisha mwaka jana kituo kikaanza kurudia tamthilia kutoka mwanzo kabisa, kila alasiri. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimwambia kila mtu saluni angoje aone mwiko. Jumamosi tukio la kufukuzwa lilipofika, saluni ilijaa, na dada mwenyewe alikuwepo, amekuja Voi kuuza mbuzi wawili akapitia kuoshwa nywele. Alikuwa chini ya draya na hakuwa amesema lolote. Dada hajawahi kubishana nasi juu ya waandishi, na nilidhani ni majivuno.

Mume akamwambia mkewe achukue kilicho chake. Nikawanyamazisha wote kwa mkono. Mama yule akapanda ngazi, akashuka na sanduku jekundu, akalia kidogo mlangoni na kuingia kwenye teksi. Majina yakaanza kupanda.

Wasichana walicheka mpaka mmoja akaangusha kitana. Mmoja wao akaniambia, "Auntie, hiyo ya mwiko uliota." Muuza ndizi akaongeza kwamba waandishi wa kwanza nao kumbe walijua masanduku na machozi. Dada akainua kofia ya draya na kusema taratibu kwamba huenda waliikata wakati wa kurudia. Alikuwa ananitetea. Lakini hakuniangalia aliposema hivyo, na mimi dada yangu namjua.

Nilimngoja nje. Sikuwa na haja ya kumbana sana. Aliniambia kwamba katika ile nyumba aliyofanyia kazi hakuruhusiwa kukaa sebuleni. Kipindi kikianza alikuwa jikoni anaosha vyombo, na mlango umefungwa.

"Mimi nilikuwa nasikia tu sauti," alisema. "Mtu analia, mlango unagonga. Mengine nilijaza, ndio nisikuje kwa mama mikono mitupu."

Mtu mwema angemwonea huruma. Mimi nilifurahi. Miaka yote hiyo nilimwonea wivu mtu aliyekuwa anasugua sufuria. Yale niliyoyatetea saluni, ile enzi tukufu ya waandishi wa kwanza, ilikuwa yeye na sabuni ya vyombo. Furaha ilinishika, na nikajua nitakachofanya nayo. Mama alikuwa na haki ya kujua kwamba kiti chenye mgongo kilikaliwa na mwongo.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Kishushe kabla chai haijapoa. Macho ya mama siku hizi yana ukungu, lakini mikono bado inajua mbaazi. Nilikaa karibu naye na kumwambia yote: kwamba dada hakuwahi kuona, kwamba alitunga, kwamba mwiko haukuwahi kuwa kwenye televisheni, na kwamba aliyemletea mambo ya kweli nilikuwa mimi. Niliongea upesi kwa sababu nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Mama aliendelea kupukuchua.

"Najua," alisema.

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku hiyo. Ule mwiko ni wangu."

Ndipo mama, asiye mtu wa maneno, aliponisimulia. Kulikuwa na mwaka ambao baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ranchi, alirudi nyumbani akamwambia achukue kilicho chake aende kwao. Vitu vyote vilikuwa vimenunuliwa na baba. Kilichokuwa chake ni mwiko aliochongewa na mjomba wake alipoolewa. Aliufuta kwa leso, akaubana kwapani na kwenda kwao Bomeni. Alikaa huko wiki tatu mpaka wazee wakaenda kusema naye. Sikuwahi kusikia habari hizo hata mara moja. Baba amekufa na nimemzika bila kuzijua.

"Mimi nilikuwa wapi?" nikauliza.

"Si ulikuwa mgongoni."

Alisema hivyo akitafuta mbaazi iliyoanguka, kana kwamba ni jambo dogo. Lile tukio nililolipenda kuliko yote, nililowagombeza wanawake wazima kwa ajili yake, nilikuwa ndani yake. Nililiona, ila nilikuwa mdogo mno kulikumbuka, na dada akalishika akaja kunisimulia mimi kama habari za watu wa Nairobi. Wivu wangu, niliodhani nimeuacha saluni, ulirudi wote. Wawili hawa walikuwa na siri. Kila mwezi walikaa uani wakizungumza mambo yao mbele yangu, na mimi nikicheka mahali pasipostahili.

Halafu nikakumbuka jambo lingine, nalo likanichoma zaidi. Dada aliposimama siku ile kuonyesha, alionyesha mwiko, leso, kwapa na mlango wa nyuma. Mgongoni hapakuwa na mtoto. Alikumbuka mpaka jinsi mwiko ulivyofutwa, na mimi akanitoa.

Nilitoka mpaka kwenye mti wa mnyaa pale mwisho wa ua, ambapo simu inashika, nikampigia. Sikusalimu. Nilimwambia kwamba mama amenieleza yote, na nikamuuliza kwa nini mtoto hayuko.

Nilisikia mbuzi wake.

"Mama alichukua mwiko, na akachukua wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Nilikuwa na miaka saba. Hakuniambia hata nibaki salama. Hizo wiki tatu baba akirudi jioni anataka ugali, nilikuwa nasonga na kijiti."

Nikaisogeza simu sikioni zaidi.

"Kila mara nikifika hapo kwa hadithi, nilikuwa nataka kukuweka," akaendelea. "Nikikuangalia umekaa hapo karibu na mama, nakutoa. Nilikuwa nakuonea wivu, mdogo wangu. Mpaka leo sijui kama umeisha."

Kutoka uani mama aliuliza kwa sauti kama ninaongea na dada, na kama ni yeye, tuliwaacha wapi. Sauti yake ilikuwa na ile furaha ambayo hajawahi kuniita nayo. Nilimwona akipapasa kiti chenye mgongo akikisogeza, ingawa aliyekuwa anamwita alikuwa Marungu.

Nikampelekea simu.