Nimeimbia foleni nzima kliniki

Sijawahi kuambia mtu hii: niko Form Three na bado sindano hunitoa machozi.

Leo tumeenda na mum kliniki huku Lanet, koo langu limefura. Kila swali la nesi, mum ananijibia.

"Sindano haogopi, huyu ni mkubwa."

Nesi akaniangalia. "Mama, hebu kapimwe presha hapo nje."

Mlango ukafungwa.

"Haya, sasa sema wewe."

Nikamwambia ukweli wote. Aki hakucheka!

"Imba chochote, hata kama koo linakwaruza."

Mimi, nisiyeongea hata darasani, nikaimba pambio la Sunday school. Sindano ikaisha, sikujua. Nikaendelea tu kuimba, kwa sauti.

Nje foleni nzima ikapiga makofi 😭😂

Nikapewa fomu ya maoni ya kliniki: umeridhika? SANA SANA SANA.

Kuna mwingine mkubwa anayelia, ama ni mimi tu?

Huyo mum anakuja mlangoni. Simu ninayoandikia hii siifichi. Asome.