Ng'ombe wa Boma Zima

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu kwamba yule mzee wa Ngorongoro, aliyekuwa akipita kwangu kunywa chai kila siku ya mnada hapa Karatu, amefariki. Presha, walisema. Niliketi kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na kabla sijamlilia nilishikwa na hofu kwa ajili ya binti yake, aliyebakiza miaka miwili chuoni. Mzee mwenyewe nilimjua kwa hofu hiyo hiyo.

Niliwasindikiza steshenari siku binti alipoomba mkopo wa masomo. Dada wa kompyuta aliuliza mali ya mzazi. "Ngombe yote ya boma ni yangu," mzee akasema. Binti akamshika shuka. "Baba, si wako wote." Mzee akamkazia macho, binti akaliachia shuka. Mimi nilijua ukweli, maana alikwisha kunieleza mwenyewe: wengi walikuwa wa mjane wa kaka yake, wengine wa marafiki aliowatunzia. Lakini kwao wafugaji, mwenye boma hatenganishi ng'ombe mbele ya mgeni. Kusema huyu si wangu ni kama kumfukuza mwenye ng'ombe huyo. Nami, kwa heshima, nikaangalia barabarani.

Mkopo ulikuja kiduchu, kama unavyomjia mtoto wa tajiri. Wale wa watu asingeweza kuwauza. Wake mwenyewe wakaenda mnadani mmoja mmoja. Ikafika mahali simu ya binti ikiita, mzee ananisukumia mimi. "Pokea wewe, rafiki. Moyo yangu inakataa." Siku moja nilipokea, binti akasema majina ya wasioruhusiwa kufanya mtihani kwa kudaiwa ada yamebandikwa, na lake limo. Nilimweleza. Mtu yule aliyelala porini na mifugo tangu utoto aliinuka, akaiacha chai yake mezani. Aliuza mtamba wake wa mwisho, binti akafanya mtihani, na tangu hapo mzee hakupata usingizi.

Nimemfikiria sana, na sithubutu kumcheka. Sisi wa mjini nasi tuna boma letu la kuonyesha watu: nyumba tunayoikalia kwa kodi tunaiita yetu, na mshahara tunautaja kabla ya makato. Mwanangu wa mwisho anamaliza kidato cha sita mwaka huu. Hesabu ya ada yake naipiga upya kila usiku.

Juzi binti alirudi steshenari kukata rufaa ya mkopo, na cheti cha kifo cha baba yake mkononi ili kitolewe kopi. Akaniomba nimsindikize. Dada ni yule yule. "Ng'ombe je?" akauliza. "Hatuna," binti akajibu. "Wenyewe walikuja kuwachukua baada ya mazishi." Kisha akanigeukia, bila hasira: "Mzee, siku ile na wewe ulijua." Nilikubali kwamba nilijua. Kile ambacho baba yake alishindwa kukisema akiwa hai, sasa kinasemwa na karatasi ya kifo chake, na wala hatujui kama itatosha.

Heshima ya kunyamaza namna ile sitampa tena mtu yeyote. Fomu ya mkopo ya mwanangu iko mezani hapa ninapoandika. Penye kipato nimejaza kile ninachopata kweli, baada ya makato, kwa kalamu ya wino. Jioni ataisoma, na naogopa atakavyonitazama, lakini sitakifuta.