Kungoja Nako ni Kazi

Habari imenikuta Kibiti, kwa fundi simu: yule dada wa Salale aliyekuwa akiandika programu za kompyuta ametutoka, na wameshamzika. Innalillahi. Nimekasirika kabla ya kulia, maana ugomvi wake na watengenezaji wa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ya mashine, ulikuwa haujakwisha. Basi nimeurithi, wala siuachi.

Dada huyu aliwatengenezea watu wa kwao king'ora cha mafuriko. Ndani yake aliandika hivi: kipimo cha maji kikiharibika, zunguka papo hapo bila kufanya kitu, mpaka mtu aje. Kompaila ikauona mzunguko mtupu usio na mwisho, ikauhesabu upuuzi, ikaufuta kimyakimya. Siku kipimo kilipoharibika kweli, mashine haikuwa na pa kusimama. Ikatumbukia kwenye maagizo yaliyofuata, nayo yalikuwa ya kupiga king'ora. Watu wakakata mpunga ungali na maziwa, haujakomaa, wakayakimbia maji ambayo hayakuja. Alipopita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, bibi mmoja alimwambia, "Mwanangu, siku nyingine kikilia, mie sitoki." Neno hilo lilimnyima raha, kwa sababu alijua maji ya kweli yako njiani.

Kwenye mkutano mmoja hapa Kibiti, mtaalamu alimweleza kwamba kanuni za lugha ile aliyoandikia programu zinaruhusu: kila mzunguko hudhaniwa utasonga mbele, na dhana hiyo huipa programu kasi. "Sasa dada, mzunguko usiofanya kitu una kazi gani?" Dada akacheka kwa hasira. "Njoo kwetu mpunga ukikaribia kuiva. Mama anashinda juu ya dungu, kutwa anatazama shamba tu. Mteremshe kwa kuwa hafanyi kitu, uone nguruwe watakuachia nini." Ukumbi uliangua kicheko, mtaalamu akanywa maji.

Aliiandika upya programu yake. Maji yalipokuja, king'ora kililia kwa haki, na bibi yule kweli hakutoka. Dada alimfuata ndani, maji yakiwa magotini, akambeba mgongoni akimwomba msamaha njia nzima. Wanaosema kosa lile lilikuwa dogo hawakuubeba mzigo ule. Mimi nasema, na anayetaka kubishana anitafute: kompaila ikikuta agizo isilolielewa, na iulize, au ikatae kwa sauti. Kufuta neno la mtu na kunyamaza ni kiburi, hata kama kanuni imekiruhusu.